Maswali na Majibu: "Sikuitunga Mimi, Nimetumiwa Tu"

SWALI: Shekhe, asalaam alaykum. Kwenye grupu letu la WhatsApp ilikuja sauti inayomchafua dada mmoja wa mtaani. Niliwatumia jamaa zangu, nikaandika "kama nilivyoipokea". Nina kosa?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Unalo, ndugu yangu. Bibi Aisha (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), aliachwa na msafara akitafuta mkufu wake uliopotea. Safwan bin Muattal, sahaba aliyekuwa nyuma ya msafara, akamkuta, akampandisha ngamia wake, mwenyewe akatembea kwa miguu ameshika hatamu. Basi. Uzushi kwamba wamezini ukazunguka Madina kiasi cha mwezi mzima, na katika walioubeba alikuwemo Mistah, mtu aliyepigana vita vya Badr upande wa Mtume! Hakuutunga yeye. Lakini Surat An-Nur, aya ya 15, inawakemea waliolipokea kwa ndimi zao wakasema wasilolijua, wakadhani ni jambo dogo, kumbe mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa.

Warudie wote uliowatumia, mmoja mmoja. Waambie huna ushahidi, waifute. Kisha umwombe radhi huyo dada.

SWALI: Niliyoyaposti kuhusu shoga yangu ni kweli tupu, na meseji zake ninazo. Hiyo nayo ni ghiba?

JIBU: Ndiyo ghiba yenyewe. Mtume (s.a.w.) aliulizwa hivyo hivyo, akajibu: likiwa ni kweli umemsengenya, lisipokuwa kweli umemzulia. Meseji alizokuandikia wewe ni amana. Kama amekudhulumu, nenda kwa kadhi au kwa wazee wenye uwezo wa kukurudishia haki yako.

SWALI: Mume wangu akilala naipekua simu yake. Vibaya?

JIBU: "Wala msipelelezane," Al-Hujurat, aya ya 12. Acha, mwanangu. Muulize akiwa macho.

SWALI: Tunagawa futari, na wafadhili wanataka picha. Tufanyeje?

JIBU: Pigeni picha magunia na risiti. Al-Baqara 271 inaruhusu sadaka ya wazi, lakini inaisifu zaidi ile ya siri. Aya ya 264 inakataza kuiharibu kwa masimbulizi, yaani kumsimanga uliyempa, na kwa maudhi. Ramadhani iliyopita nilimwona mama akipokea mfuko wa unga, akavuta mtandio hadi puani. Kijana mwenye kamera akamwambia, "Mama, funua kidogo uonekane." Akafunua. Kwa kilo tano za unga. Picha ile bado iko kwenye ukurasa wao. Nimeshawaomba mara mbili waitoe, na nitawaomba tena.