Je, Yafaa Kumwomba Mwenyezi Mungu Apunguze Akili?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa Tanga, nina miaka 27. Tangu darasa la kwanza nimekuwa wa mbele, na wazazi wangu walijivunia akili zangu, lakini sasa naziona ni adhabu. Kila nikirudi nyumbani nayarejea neno kwa neno niliyoyasema mchana. Mwezi uliopita, kwenye harusi ya binamu yangu Chumbageni, wanawake wakipiga vigelegele, nilijiona nikicheka kama ninayemtazama mtu mwingine, na kicheko kikanikatika. Katika swala narudia takbira mara tatu au nne nikiichunguza nia yangu. Usingizi umenipotea takriban miezi mitano. Bibi yangu, ninayeishi naye Ngamiani, hajui kusoma wala kuandika, hukaanga vitumbua, na akiweka kichwa amelala. Katika mawaidha yanayosambazwa kwenye simu nimemsikia mhadhiri akisema kwamba akili nyingi na furaha hazikai nyumba moja, na kwamba mabinti wanaosomeshwa kupita kiasi ndio wanaopatwa na wasiwasi. Je, yafaa nimwombe Mwenyezi Mungu anipunguzie akili, niishi kama bibi yangu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Swali lako nililisoma baada ya Alfajiri, nikaliweka, na Adhuhuri nikalisoma tena, kwa kuwa lilikataa kunitoka moyoni.

Hukumu yenyewe haina urefu: haifai kuomba dua hiyo. Akili ni moja katika mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali. Kwa ajili yake ulevi umeharamishwa, na kwa kukosekana kwake kalamu imeondolewa kwa mwendawazimu, haandikiwi dhambi, mpaka akili zimrudie. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Jabir iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ametukataza tusijiapize wenyewe, wala watoto wetu, wala mali zetu, tusije tukaisadifu saa ambayo dua haikataliwi. Anayeomba apunguziwe akili amejiapiza, hata kama hakukusudia. Wewe sikuhesabu kuwa umekosa, maana umeuliza kabla ya kuomba, na aliye katika maumivu husema neno ambalo akitulia halisemi.

Kilichonikasirisha ni hayo mawaidha. Kijana mmoja wa msikitini kwetu aliniletea na mimi, nikayasikiliza mpaka mwisho, na nimeona kwamba kuyanyamazia ni kuwaacha watu wapotezwe, kwa sababu wako wazazi wanaotafuta kisingizio kidogo tu cha kumtoa binti shuleni, na huyu bwana amewapa kisingizio chenye sauti ya dini.

Ameanza na ubeti wa mshairi wa Kiarabu al-Mutanabbi, usemao kwamba mwenye akili hutaabika ndani ya neema kwa sababu ya akili yake, na ndugu wa ujinga hustarehe ndani ya dhiki. Ubeti ni mzuri kwa ufundi, lakini tangu lini beti zikawa dalili ya sheria? Na aliyeutunga, aliyeuawa mwaka 354 Hijria, ni mtu aliyezunguka katika majumba ya watawala akiwasifu, akamwendea mtawala Kafur huko Misri akitaraji kupewa utawala wa jimbo, na alipoukosa akamgeukia kwa matusi ya kishairi. Mtu wa namna hiyo akilalamika kwamba ametaabika, mimi sioni kwa nini niitie hatiani akili yake na kuiacha tamaa yake.

Kisha akaleta hadithi sahihi, na hapa ndipo alipodhuru zaidi, kwa kuwa ameichukua nusu. Ni kweli Mtume (s.a.w.) amesema: lau mngelijua ninayoyajua, mngelicheka kidogo na mngelilia sana. Mhadhiri akahitimisha kwamba kujua ni kulia. Basi na atujibu: ni nani katika viumbe aliyekuwa anayajua hayo kuliko msemaji mwenyewe? Kama elimu ingekuwa inafukuza furaha moyoni, yeye ndiye angelikuwa mwenye uso uliokunjamana kuliko watu wote. Naye Abdullah bin al-Harith, sahaba aliyemwona kwa macho yake, anasema katika riwaya ya Tirmidhi kwamba hakumwona mtu mwenye kutabasamu zaidi ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Hadithi ile inamwamsha aliyeghafilika, anayecheka huku nyumba inaungua. Hailetwi kwa mtu ambaye hajalala miezi mitano.

Hakuishia hapo, akadai kwamba hata Wazungu wamethibitisha maneno yake. Yaliyothibitishwa ninayoyajua ni kinyume. Profesa Lewis Terman wa Marekani alianza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto wa California wapatao 1,500 waliopata alama za juu mno katika vipimo vya akili, na walipokuwa watu wazima kwa jumla yao hawakuonekana kuwa na dhiki ya nafsi kuliko wengine. Uingereza nako, takwimu za afya ya akili za mwaka 2007 zilipochambuliwa, waliosema kwamba furaha yao ni ndogo walikuwa zaidi miongoni mwa wenye alama za chini, na sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na mambo kama kipato kidogo na afya mbaya. Sileti hayo kuwa ni dalili ya dini. Nayaleta kwa sababu yamesingiziwa. Ama kuhusu mabinti na kusoma, jawabu lake ni Bibi Aisha (r.a.), ambaye Abu Musa al-Ash'ari amesema kwamba hapakuwa na hadithi iliyowatatiza masahaba wakamwendea kumuuliza, ila walikuta kwake ujuzi wake.

Sasa nije kwa bibi yako, kwa kuwa naona yeye ndiye aliyedhulumiwa zaidi katika habari hii, na wewe, mwanangu, umemdhulumu pia bila ya kujua. Mimi bibi yako simjui, lakini wakaanga vitumbua wa Ngamiani nimenunua kwao tangu nikiwa mtoto wa chuoni. Mwanamke huyo huloweka mchele mchana, akausaga, akaupima na tui, na hamira huitia kwa kuangalia hali ya hewa, kwa kuwa joto la Kaskazi huumua haraka kuliko ubaridi wa Kusi. Huamka kabla ya adhana. Mafuta yakilia kwa namna fulani anajua moto umezidi, naye huondoa ukuni mmoja bila ya kutazama, huku kijiti chake kinageuza kitumbua cha pili na mdomo wake unamkumbusha mteja kwamba tangu Jumanne bado hajalipa. Hakuandika deni hilo popote. Huyu ndiye anayetolewa mfano wa ujinga wenye raha? Kutojua kusoma ni jambo moja na kukosa akili ni jambo jingine, na anayeyachanganya hajawahi kudaiwa na mwanamke wa namna hiyo.

Basi kama bibi ana akili na bado analala, ujinga hauwezi kuwa sababu ya usingizi wake. Muulize. Muulize amezika wangapi, na usiku ule baada ya kuzika alilala vipi, na anaposema anachokisema kabla ya kufumba macho anakusudia nini.

Ninalolikusudia mimi limo katika kisa cha Nabii Yaakub (a.s.), ambacho bila shaka unakihifadhi, lakini huenda hujakitazama kwa jicho hili. Mwenyezi Mungu amemsifu katika Surat Yusuf, aya ya 68, kwamba alikuwa mwenye elimu kwa aliyofunzwa. Na mwenye elimu huyo huyo, katika aya ya 84, macho yake yamegeuka meupe kwa huzuni. Mhadhiri angeishia hapo na kusema: mnaona? Lakini soma aya ya 86. Wanawe wanamlaumu kwa kumkumbuka Yusuf, naye anawaambia kwamba anamshtakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake, kisha anaongeza: “na ninajua kwa Mwenyezi Mungu msiyoyajua nyinyi.” Kujua kwake ndiko kulikomfanya, baada ya miaka yote ile, awatume tena wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye wasikate tamaa. Wao, waliojua kidogo, walikuwa wamekwisha kukata tamaa zamani. Huzuni ilimjia kwa kupenda na kupotelewa, kama inavyomjia kila mtu. Na elimu ndiyo iliyompa mahali pa kuipeleka.

Wewe huzuni yako huipeleki popote. Unakaa nayo chumbani na kuichambua. Kuihesabu nafsi ni ibada, na Sayyidna Umar (r.a.) ametuhimiza tujihesabu kabla ya kuhesabiwa, lakini hata kadhi hufunga kikao: akishasikiliza shauri na kuhukumu, jalada linafungwa, mdai na mdaiwa wanakwenda zao, na yeye anakwenda kula. Nafsi yako umeiwekea baraza lisilofungwa, shauri lililokwisha kuhukumiwa jana linasomwa upya leo bila ya shahidi mpya, na mshitakiwa hana hata nafasi ya kunywa maji. Sheria yetu haina kadhi wa namna hiyo.

Kile kicheko kilichokukatika harusini kimenikumbusha sahaba Handhala (r.a.), aliyetoka nyumbani akipiga kelele kwamba amekuwa mnafiki, kwa sababu akiwa mbele ya Mtume aliiona Pepo na Moto kama kwa macho, na akirudi kwa mke na watoto na mashamba husahau mengi. Alikuwa anajitazama, kama wewe. Mtume (s.a.w.) hakumsifu kwa kujitilia shaka kule wala hakumkaripia, alimwambia kwamba lau wangedumu katika hali ile malaika wangewapa mikono njiani na vitandani mwao, “lakini, ewe Handhala, saa na saa.” Akalisema mara tatu. Ukiwa harusini, basi, hiyo ni saa ya harusi, na kumfurahia binamu yako ni katika kuunga udugu.

Takbira usiirudie tena. Imamu Ibn Hajar al-Haytami, katika wanavyuoni wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliulizwa dawa ya wasiwasi, akajibu kwamba dawa yake ni kuupuuza kabisa, na kwamba anayeusikiliza humzidia. Piga takbira moja na uingie katika swala yako, hata moyo ukikuambia kwamba nia haikutimia. Mimi ninakufutu kwamba imetimia.

Na hospitali uende. Miezi mitano bila ya usingizi ni maradhi yanayohitaji tabibu, na Mtume (s.a.w.) ametuamuru tujitibu. Nenda Bombo, ueleze usingizi, takbira na mengine yote kama ulivyonieleza mimi, na akikupa dawa uzitumie. Atakayekuambia kwamba huo ni udhaifu wa imani, mkumbushe Imamu Ghazali, ambaye mwaka 488 Hijria, akiwa mwalimu mkuu Baghdad, ulimi wake ulifungika asiweze kufundisha, na chakula hakikumshuka, hata matabibu wakasema kwamba jambo hili limeshuka moyoni. Alipumzika na kazi miaka mingi, kisha akarudi kufundisha kwa akili ile ile.

Badala ya dua uliyotaka kuomba, chukua hizi mbili. Moja iko kwa Bukhari, ya kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu, yaani fadhaa ya moyo, na huzuni. Na wanavyuoni wamesema hamu ni ya yajayo na huzuni ni ya yaliyopita, na wewe zote mbili zimekukalia. Ya pili iko kwa Muslim, ya kujikinga na elimu isiyonufaisha, na moyo usionyenyekea, na nafsi isiyoshiba, na dua isiyojibiwa. Zisome katika sujudu ya mwisho ya usiku, kisha ulale, ama ujilaze tu kama usingizi haujaja, bila ya kujihesabu kwa nini haujaja.

Jumamosi usipokuwa na vipindi, kaa na bibi jikoni tangu anapowasha moto, umshikie kijiti. Ukiwa tayari, njoo nyumbani kwangu baada ya Alasiri. Mke wangu atakupokea. Uje na bibi, kwa maana nina maswali yangu kwake.

Wallahu aalam.