Kwa Mnaoanza Kuiandika Roma ya Vinu vya Maji na Upepo

Ndugu zangu wa historia mbadala, hadithi za kubuni zinazogeuza yaliyotokea, nawapenda, lakini miswada yenu inanichosha. Bado kijana wa karne ya 21 anaangukia Roma, anachora gurudumu la maji mchangani, maseneta wanashika vichwa. Jamani!

1. Gurudumu walikuwa nalo. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, alilieleza katika karne ya 1 KK, pamoja na meno yanayopeleka mzunguko kwenye jiwe la kusagia. Huko Barbegal, karibu na Arles, kusini mwa Ufaransa, yalipangwa magurudumu 16 kwenye mteremko, safu mbili za manane manane, maji ya gurudumu la juu yakiangukia la chini yake. Kazi yenu ni kueleza kwa nini yazagae himaya nzima, na hapo ndipo mnapokwepa. Chokaa iliyoachwa na maji ikaganda kwenye mbao za Barbegal inaonyesha vinu vilisimama miezi kadhaa kila mwaka. Chipukizi mmoja nilimrudishia mswada na jambo hilo tu. Akaniletea fundi aliyeinama ndani ya mfereji mkavu, anabandua chokaa kwa patasi, msimamizi kamsimamia kichwani. Maseneta wote walifutwa, hadithi ikapata uhai.

Halafu, nani analipa? Katika amri ya bei ya Kaisari Diocletian ya mwaka 301, kinu cha maji ni denari (sarafu za Kirumi) 2,000, cha punda 1,250, cha mkono 250. Mwenye shamba ambaye punda anaye tayari atoe 2,000 za nini? Mpeni sababu: punda wamekufa kwa maradhi, mto uko mlangoni, jeshi linadai unga kabla ya baridi.

2. Heron wa Alexandria, mvumbuzi Mgiriki wa karne ya 1 BK, alieleza gurudumu la upepo la kupulizia kinanda. Vinu vya upepo vya Sistan, Uajemi, vinafahamika kufikia karne ya 10. Pengo hilo ni lenu. Upepo ndio uliopeleka ngano ya Misri Roma, na merikebu hadi Rhapta, bandari ya kale ya Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mafundi wa matanga na kamba mnao tayari. Waajirini.

3. Chora ramani ya mito kwanza.

4. Mwaka 537 Wagothi walioizingira Roma walikata mifereji, vinu vikasimama. Belisarius, jemadari aliyeilinda Roma, akafunga vinu kwenye mashua katika mto Tiber, mkondo ukasaga. Himaya yenu ya vinu maelfu itakatiwa maji wapi, na nani? Hilo nilione kabla ya sura ya tano.