Pointi na beji kwa wafanyakazi: niliyoyaona kwenye ofisi ya kutoa mizigo

Mkuu, umesema bosi wako anataka mafunzo yaendeshwe kama mchezo, kwa pointi, beji na msimamo kama wa ligi, ili wafanyakazi wenu wa duka la jumla pale Kariakoo wamalize kozi za mtandaoni. Umeuliza kama inafanya kazi. Kumaliza watamaliza, hilo usihofu. Wasiwasi wangu ni kama watakuwa wamejua kitu.

Mimi nipo kwenye kutoa mizigo bandarini, nasimamia watu wa kadhia, yaani yale maombi ya forodha ya kutoa mzigo. Kwetu kusoma hakuishi. Jedwali la ushuru la Afrika Mashariki linaguswa kila Julai baada ya bajeti kusomwa, na namba za HS zenyewe, zile za kimataifa za kupanga bidhaa kwa ajili ya ushuru, hufumuliwa kila baada ya miaka kadhaa. Toleo la sasa limeanza kutumika Januari 2022. Ukikosea namba, bidhaa ya ushuru wa asilimia 10 unaiweka kwenye 25 au kinyume chake, kadhia inarudishwa, kontena linakaa, storeji (gharama ya kukaa bandarini) inahesabu, na mteja anapiga simu kila nusu saa.

Ofisi ikanunua programu ya mafunzo. Video fupi, maswali machache mwishoni, pointi, na luninga kubwa mapokezi inayoonyesha nani anaongoza. Mwanzoni palichangamka kweli, watu wanataniana kwenye korido. Baadaye nikaanza kuona vituko. Video inacheza kwenye simu bila sauti huku mwenyewe anakula chips mayai. Likaundwa kundi la WhatsApp ambalo kazi yake ilikuwa kupeana majibu, na walioongoza msimamo ndio walioongoza na kundi.

Angalia pia ni akina nani waliokuwa juu. Vijana wasio na familia, wanaokaa Magomeni na Kinondoni, ambao saa kumi na mbili jioni wako nyumbani na bando limejaa. Mama mmoja wetu anakaa Chanika. Akifika nyumbani ni saa mbili usiku, kuna kupika, kuna madaftari ya watoto, na bando ni la kwake mwenyewe. Yeye alikuwa mkiani tangu wiki ya kwanza mpaka ya mwisho, na huyo ndiye ninayempa kadhia ngumu kuliko zote.

Kibaya zaidi kilikuwa ile luninga. Tuna mzee pale ambaye amekuwa kwenye forodha tangu nyaraka zinabebwa kwa bahasha. Wateja wanamwita mwalimu. Sasa mteja anakaa mapokezi anasubiri, anainua macho, anakuta jina la mwalimu la tatu kutoka chini. Mzee hakulalamika kwa mtu. Aliacha tu kuifungua ile programu, na baadaye hata kuwaelekeza vijana akapunguza. Hasara hiyo hakuna ripoti iliyoionyesha.

Shauku ilipopoa, mtu wa rasilimali watu akaweka vocha za simu kwa watatu bora. Zikaamsha watu. Zilipokatwa, hata waliokuwa wanasoma kwa hiari yao wakaacha. Hili lina utafiti wa zamani. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett huko Marekani waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Baadhi wakaahidiwa cheti wakichora, wengine wakapewa cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora, wengine hawakupewa kitu. Baadaye, muda wa kucheza wanavyotaka, walioahidiwa ndio waliochora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa hamu. Kwa hiyo ukitaka kutoa zawadi, toa, ila usiitangaze mapema.

Kilichokuja kutusaidia kilikuwa kitu kidogo mno. Jumatano asubuhi, kabla simu hazijaanza, naleta bidhaa mezani na makundi matatu yanatafuta namba yake. Siku moja nilileta chupa ya chai. Kundi moja likakimbilia sura ya 70 ya jedwali, ile ya vioo, kwa sababu ndani kuna kioo. Jingine sura ya 73, ya vitu vya chuma, kwa sababu nje ni chuma. Wakabishana mpaka mhudumu wa jikoni akaja kusimama mlangoni. Jibu ni 9617, kwa kuwa kichwa hicho kinazitaja chupa za namna hiyo kwa jina, na ukisoma maelezo ya ile sura ya vioo utakuta yamesema hazimo humo. Halafu nikauliza: je, mteja akileta kile kioo cha ndani peke yake? Hapo ndipo sura ya 70 inarudi. Kijana aliyelijibu hilo alikuwa bado yuko kwenye majaribio ya kazi.

Taratibu zetu ni chache. Pointi inatoka kwa kueleza sababu, namba tupu haina kitu. Anayeeleza ni mgeni kuliko wote kwenye kundi, kwa hiyo wakongwe wanalazimika kumfundisha kwanza. Makundi yanachanganywa upya kila mwezi na pointi zinafutwa. Refa ni yule mzee. Na tafadhali msiyape makundi majina ya Simba na Yanga, hata kwa utani. Tulijaribu, na mjadala wa ushuru haukufanyika siku hiyo.

Matokeo? Kadhia zinazorudishwa zilipungua kwa aina za bidhaa tulizozijadili. Kwa nyingine sikuona tofauti, na sitakudanganya. Hata hivyo inaingia akilini: watafiti Roediger na Karpicke mwaka 2006 walionyesha kwamba waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa dakika tano baada ya kusoma waliorudia ndio walikuwa mbele. Maswali ya papo hapo mwisho wa video yanakupa picha ya zile dakika tano.

Kwenu Kariakoo ningeanza na risiti na malalamiko ya wateja. Bidhaa gani inarudishwa sana? Muuzaji gani anajua tofauti ya nyaya mbili zinazofanana? Hayo ndiyo maswali ya mchezo wenu, yachezwe ndani ya saa za kazi, kwa bando la ofisi, na pointi zisiguse kabisa mambo ya kupandishwa cheo. Kama bosi ameshaamua kununua programu, kabla hajasaini mwulize muuzaji kama ule msimamo unaweza kuzimwa. Wa kwetu alisema haiwezekani, tukachomoa waya wa luninga.