Kiti cha bodi ya optometria California hakina dalali

SWALI: Mke wangu ana leseni ya kupima macho hapa Sacramento. Nataka kuomba kiti cha mwakilishi wa umma kwenye Bodi ya Optometria ya jimbo. Jamaa mmoja ananiambia chama cha wapimaji macho ndicho kinachopeleka majina, na kwa dola 600 langu litapita. Nilipe?

JIBU: Usilipe, ndugu. Hata ukilipa, kiti hukipati. Sheria ya California haimruhusu mwakilishi wa umma kuwa na leseni ya bodi husika, wala kuwa mtu wa familia ya karibu ya mwenye leseni. Ndoa yako imeshakutoa. Huyo kishoka alikuuliza mkeo anafanya kazi gani?

Hili la chama nimechoka kulisikia. Chama hutetea wanachama wake. Bodi ni chombo cha serikali, na inaweza kumfutia leseni hata mwenyekiti wa chama. Chama kikikupenda kitakuandikia barua ya kukuunga mkono, basi.

Wajumbe ni 11. Gavana huteua 9: wapimaji macho 5, fundi miwani aliyesajiliwa 1 na wawakilishi wa umma 3. Viti 2 vya umma vinavyobaki, kimoja ni cha Kamati ya Kanuni ya Seneti, kingine cha Spika wa Bunge. Kila mlango una maombi yake. Ya Gavana hayamfikii Spika.

Vishoka hupenda kusema "muhula wa fulani umeisha, kiti ki wazi, harakisha." Muhula ni miaka 4, lakini ukiisha mjumbe hubaki mpaka apatikane mrithi, mradi usipite mwaka mmoja. Kwisha kwa muhula si kiti kuwa wazi.

Tena dola 600 ndiyo hasara ndogo. Mwombaji huchunguzwa historia yake, kwa hiyo ukimwachia mtu akujazie fomu umemkabidhi taarifa zako binafsi. Naye, ili "jina lipite", ataficha kinachokuzuia: leo mke, kesho hisa zako kwenye duka la jumla la lenzi na fremu, ambazo humzuia hata mpimaji macho mwenyewe. Uongo ameuandika yeye, sahihi ni yako.