Jibu: Risasi za kujaza mwenyewe kwenye Winchester 94
Ndugu, umeuliza kwa nini risasi ulizojaza mwenyewe zinatawanyika kwenye shabaha ukitumia bunduki yako ya Winchester 94 ya .30-30 (aina ya risasi inazotumia), nawe umepiga risasi tatu tu kwa kila kipimo cha baruti. Tatu hazitoshi. Piga tano, acha mtutu upoe kabisa, kisha rudia siku nyingine. Mtutu wa bunduki hii ni mwembamba na bomba la risasi, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, limefungwa chini yake. Mtutu ukipata moto, matundu kwenye shabaha huanza kuhama, utailaumu baruti bure.

Mfuko wa mchanga ukae chini ya ubao wa mbele wa bunduki, ule unaoshikwa chini ya mtutu. Usiegemeze mtutu wenyewe. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, na usivuke kiwango cha juu cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti.

Lakini nakusihi sana, usitie risasi za ncha kali na ngumu kwenye bomba. Ncha hugusa fataki (kifuniko kidogo cha kuwashia baruti, nyuma ya ganda) ya risasi iliyo mbele yake, na mshtuko wa kupiga unaweza kuilipua. Tumia za ncha bapa, na mdomo wa ganda uubane vizuri ili kichwa cha risasi kisisukumwe ndani ya ganda.

Kwa yadi 100, bila darubini, matundu matano ndani ya inchi 3 ni kazi nzuri.