Niliacha Kuombea Kenya, Nikaanza Kumuombea Mama Alto

Juzi dada mmoja wa Eldoret ameniandikia saa saba usiku. Anasema kwenye grupu ya WhatsApp ya kwaya yao watu wameanza kurushiana maneno, mara nyinyi mara sisi, wawili washatoka na wengine wamenyamaza tu wanasoma, na uchaguzi wa 2027 hata bado haujafika. Akaniuliza, "Mum, nyinyi wa 2007, mliopitia zile vita za baada ya uchaguzi, mliwezaje kuendelea kuamini?" Nimekaa na hiyo meseji siku tatu. Kwanza niliudhika kidogo, ati nyinyi wa 2007, utadhani mimi nilizaliwa wakati wa mkoloni. Halafu nikaona wacha nijibu hapa manake najua si yeye pekee.

Nianze na kukiri. Mwaka huo mimi nilikuwa naimba soprano Jumapili, Jumatatu nafowadi zile meseji za chuki, zile za ukipata hii tumia watu kumi. Na nilikuwa nawatumia kweli, kredo yangu mwenyewe. Tulikuwa tunakaa Nakuru, plot ya vyumba nane na choo moja. Kabila langu sitaji, wanaonijua wanajua na wengine haitawasaidia.

Tulipiga kura Alhamisi, 27 Desemba. Jumapili tarehe 30 matokeo yakatangazwa, Kibaki akaapishwa kuwa rais tena Ikulu jioni hiyo hiyo giza likiingia, na TV zikakatazwa kurusha chochote laivu. Vita vikaanza. Siku za kwanza Nakuru tulijiona salama, watu ndio walikuwa wanakimbilia kwetu, Showground, ule uwanja wa maonyesho, ikajaa. Tarehe 1 Januari ikaja habari ya Kiambaa, kanisa huko karibu na Eldoret limechomwa watu wakiwa ndani, kina mama na watoto. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Tangu utotoni nilijua kitu kimoja, mambo yakiharibika unakimbilia kanisani. Sasa wale walikimbilia kanisani.

Mwisho wa Januari zamu yetu ikafika. Sitasimulia yote, mengine mzee wangu hapendi niandike. Nitasema tu kwamba wale vijana waliingia kwenye plot ya milango nane na wakaenda moja kwa moja kwa wetu. Hawakugonga kwingine. Sisi tulikuwa tushatoka kwa uwa wa nyuma na watoto, na nilichobeba, usinicheke, ni robe ya kwaya na thamosi. Baadaye nikaambiwa aliyewaonyesha mlango ni nani. Namuita Mama Alto kwa sababu ndiyo sauti aliyokuwa anaimba, miaka minne tulisimama bega kwa bega, yeye alto mimi soprano, na hapo alipoonyesha mlango wangu sufuria yangu kubwa ilikuwa kwake, alikuwa ameiazima ya sherehe ya Krismasi.

Kwa hivyo tukalala Showground. Na huko ndiko niligundua siwezi kuomba. Nilikuwa najaribu, "Bwana tunaombea Kenya yetu, tuletee amani," maneno yanatoka vizuri kabisa, lakini ndani nilikuwa namaanisha wapige wale. Kulikuwa na shosho mmoja kwenye hema letu, ametoka upande wa Molo, nyumba yake yote imeteketea. Usiku mmoja akanisikiliza nikiomba kwa sauti mpaka nikamaliza, nikidhani atasema amina. Akaniambia, "Wewe unaomba kama mheshimiwa. Taja jina la mtu."

Nilikasirika. Lakini usiku nilitaja. Nilimtaja Mama Alto nikamuombea augue. Naam, ndivyo nilivyoomba, na kama unashtuka nenda usome Zaburi ya 109 uone mwenye kuomba pale anamuombea adui yake nini. Nikaomba hivyo wiki nzima. Wiki iliyofuata nikachoka, nikaanza kujiuliza kwake kuna unga kweli, manake maduka yalikuwa yamefungwa na ana mapacha. Nikamuombea unga. Sijui niseme nini zaidi, tumaini langu lilianzia hapo, kwa unga wa mtu mwingine. Halikuanzia kwa Kofi Annan aliyekuja kupatanisha. Tarehe 28 Februari wakubwa, Kibaki na Raila, walipotia sahihi mkataba wao pale kwa ngazi za Harambee House, ofisi ya rais, nilikuwa kwa laini ya maji, watu wakapiga nduru za furaha, mimi sikuhisi chochote.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo bado linaniuma. Mwezi huo huo viongozi wa NCCK, lile baraza la makanisa, walitoka hadharani wakakiri kwamba kanisa lilichukua pande. Niliposikia nililia. Nikangoja na pasta wetu aseme, kwa sababu yeye alisimama mimbarini Desemba akaombea "watu wetu" na kila mtu pale alijua ni akina nani na ni akina nani si. Ningali nangoja. Siku hizi ni askofu.

Kwa hivyo dada yangu, ushauri wangu ni huo wa shosho, taja jina. Usiombe "Bwana ponya taifa", taifa halijakukosea, aliyekukosea ana jina na namba ya simu. Taja. Ukishindwa kumtakia mema anza kwa kumtaja tu. Na meseji ya chuki ikija isipite kwako, iishie kwa simu yako. Usitoke kwa hiyo grupu, lakini pia usijibu saa saba usiku, lala. Halafu utaje jina tena.

Na nyinyi vijana msikubali kudanganywa. Juni 2024 niliwaona barabarani mkiandamana, mkisema hamna kabila, nikasimama mbele ya TV nikashikilia kiti. Msirudi nyuma! Tunaimba "natukae na undugu" tangu chekechea, ni maombi yale, ubeti wa kwanza wa wimbo wetu wa taifa ni maombi mstari kwa mstari na sisi tunaimba tukiangalia saa. Mnangoja wakubwa wapatane? Wao hupatana. 9 Machi 2018 Uhuru na Raila walisalimiana kwa ngazi zile zile za Harambee House, wakatabasamu, na huku chini kuna watu hawajasalimiana tangu 2008. Msalaba haukusimamishwa kwa ngazi za ofisi ya mtu. Mtu akikwambia Mungu ni wa kabila lake mwambie...

Haya, nimeanza kuhubiri. Mzee wangu amepita hapa nyuma ameguna.

Labda unajiuliza kama tulipatana na Mama Alto. Tulitoka Showground tukahamia mtaa mwingine wa Nakuru, kanisa lile lile kwa sababu nilikataa kufukuzwa mara mbili. Kwa kwaya sikurudi. Mwaka wa tatu, Jumamosi moja, Mama Alto akaja mlangoni na sufuria yangu. Imesuguliwa ikang'aa, ndani ameweka maharagwe kama kilo mbili, si unajua kwetu chombo hakirudi kitupu. Hakusema samahani. Mimi pia sikumwambia niliwahi kumuombea augue. Nikampa chai, akanywa, tukaongea bei ya mbolea, akaenda. Siku hizi huketi safu ya pili mimi ya tatu, na akiimba alto yake nyuma kidogo ya piano huwa namfuata.

Mfuniko wa sufuria mpaka leo sijauona.