Praima imegeuka mtindi ndani ya ebrashi, nimekosea wapi?

SWALI: Habari fundi. Mi naunda modeli za plastiki, saa hii niko na ndege ya skeli ya 1/72. Nilinunua praima (rangi ya kwanza ya kushikilia rangi nyingine) ya kijivu, ile ya akriliki ya maji, nikapuliza kwa ebrashi, ile kalamu ya hewa ya kupulizia rangi, kama ilivyotoka kwenye chupa, ikakauka na chengachenga ukipitisha kidole ni kama msasa. Halafu usiku huohuo nilibandika masking tepu, kuibandua ikaondoka na praima kama ngozi ya nyoka. Kuna jamaa nilimwona kwenye video anachanganya rangi ya akriliki na thina (maji ya kuzimulia rangi) ya laka, ile rangi ya kiyeyusho kikali, inatoka laini kabisa, nami nikajaribu hivyohivyo, ikaganda mabonge ndani ya kikombe na sindano ikakwama. Nitumie praima gani, na thina niweke kiasi gani?

JIBU: Pole na hiyo sindano ndugu yangu, tutaifikia. Umeuliza kiasi cha thina lakini kilichokuponza si kiasi, ni aina. Hata ungeweka tone moja tu ingeganda vilevile.

Yule jamaa wa video hakukudanganya, ila neno akriliki linabeba vitu viwili tofauti. Akriliki za kampuni ya Tamiya kwa mfano zina spiriti ndani yake, kwa hiyo ukizipa thina ya laka zinaipokea vizuri tu, tena zinakuwa laini kuliko zikichanganywa na maji. Sasa praima yako ni ya ukoo mwingine, kama zile za kampuni ya Vallejo za poliuretani (aina ya plastiki), chembe zake zinaelea kwenye maji, na ukimwagia laka au spiriti kali zile chembe zinashikana palepale, yaani ndo huo mtindi uliouona. Hiyo praima inataka thina ya kampuni yake mwenyewe, basi. Na hata hiyo ni matone machache, mi huwa naanza na tone moja la thina kwa matone kumi ya praima na sivuki mawili, maana ukiizidishia maji inakimbia kwenye kona na kwenye ncha za mabawa, inajikusanya katikati na haishiki tena.

Hizo chengachenga nazo, hapo praima imekauka hewani kabla haijafika kwenye plastiki. Ama ulisimama mbali sana, ama presha ilikuwa kubwa, ama joto lilikuwa kali. Sogea, kati ya sentimita 8 na 10 inatosha. Praima za maji ni nzito kwa hiyo zinataka nozeli (tundu la mbele la ebrashi) ya milimita 0.4 au 0.5, na presha ya hewa kama psi 20 mpaka 25. Ukiwa na nozeli ya 0.3 utafanya kazi lakini kila dakika mbili tatu utakuwa unafuta ncha ya sindano kwa pamba yenye klina (dawa ya kusafishia ebrashi), maana inajijengea kidonda cha rangi pale mbele na kikichomoka kinarukia bawa.

Kuhusu kubanduka, mambo mawili. Moja, uliiosha modeli? Vipande vinatoka kiwandani na mafuta kidogo ya kwenye moldi, weka na ya vidole vyako, kwa hiyo sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani, acha vikauke. Pili, ulibandika tepu mapema mno. Praima za maji ukigusa baada ya nusu saa unaona zimekauka, kumbe juu tu. Mi naziacha saa 24, na hali ya hewa ikiwa na unyevu siku mbili. Na usizipige msasa kabla ya hapo, zinachanika kama utando badala ya kutoa vumbi.

Sasa ukiniuliza mi mwenyewe natumia nini kwenye kazi za watu, ni praima ya laka iitwayo Mr. Surfacer. Ile namba ya kwenye chupa inakueleza ulaini, 500 ni nzito napaka kwa brashi kwenye maungio tu ili izibe mikwaruzo, 1000 ni ya kila siku, 1200 na 1500 ni laini, na kwa ndege ya 1/72 ningekwambia chukua 1500 usifikirie mara mbili, kwa sababu mistari ya paneli kwenye skeli hiyo ni myembamba kama unywele na praima nzito inaifukia yote. Thina yake Mr. Leveling Thinner, ina ritada ndani, inachelewesha kukauka kwa hiyo rangi inapata muda wa kujilaza.

Kipimo chake ni praima moja kwa thina moja mpaka mbili, ila hiyo namba usiikariri sana kwa sababu chupa ikikaa inazidi kuwa nzito. Angalia kikombe. Koroga, halafu inamisha ile rangi ipande ukutani kisha irudi chini. Ikiteremka taratibu imeacha ukuta umefunikwa kabisa, bado nzito. Ikikimbia kama maji na ukuta ukabaki karibu mtupu, umezidisha. Unachotaka ni iteremke bila kusita ila iache utando mwepesi ambao unaona kikombe kupitia kwake. Ukifika hapo weka psi 15 au 20, pita ya kwanza vumbivumbi tu, subiri dakika chache, ya pili ndo iwe na majimaji kidogo.

Kidogo, nasisitiza. Laka inayeyusha plastiki kiasi na ndo maana inang'ang'ania vile, lakini ukimwaga nzito inakula. Nishawahi kuharibu bawa zima kwa haraka zangu, riveti zote zikafutika kama mtu kapitisha kidole kwenye siagi. Na moshi wake si wa kuchezea, vaa barakoa yenye kichujio cha kaboni, ile ya kitambaa haizuii mvuke, na fungua madirisha. Kama unapulizia chumba unacholala basi baki na ya maji, au jaribu Stynylrez ya Badger, nayo ni ya maji ila inakubali msasa vizuri zaidi.

Hiyo ndege usiitupe. Pamba yenye isopropili (aina ya spiriti), sugua taratibu na mswaki, praima ya maji itatoka, jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu, ile ya plastiki vipande vilipokuwa vimeshikwa, na vioo vya rubani viweke pembeni. Usije ukailoweka kwenye thina ya laka, utakuta uji.

Na sindano usiivute kwa nguvu. Jaza kikombe klina ya ebrashi ikae saa nzima, kisha ijaribu kwa kuizungusha huku unaivuta nyuma. Ikitoka, fungua nozeli uiloweke yenyewe peke yake, zile ringi za mpira zitoe kwanza kwa sababu thina kali inazivimbisha.